Tume isipime maeneobunge kwa idadi ya watu pekee

Kwa Mhariri,

Muda wa miaka 12 uliowekwa na Katiba ya Kenya wa kuchunguza upya mipaka ya maeneobunge ulikwisha Machi 2024, wakati Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) haikuwa na kamishna hata mmoja, na tangu hapo tumekuwa tukibishana kuhusu nani alaumiwe kwa kuchelewa huko. Mimi naomba tuzungumzie litakalotukabili siku kazi yenyewe itakapofanywa. Hesabu ikifuatwa jinsi ilivyo, baadhi ya maeneobunge ya mashambani yatafutwa, na kifungu kilichoyaokoa mwaka 2012 hakina nguvu tena.

Kifungu hicho kilikuwa katika Jedwali la Sita la Katiba, nacho kilisema kwamba uchunguzi wa kwanza usisababishe kupotea kwa eneobunge lolote lililokuwapo Katiba ilipoanza kutumika mwaka 2010. Uzito wote umo katika maneno hayo, "uchunguzi wa kwanza". Awamu ijayo haina kinga hiyo, na kwa kuwa Ibara ya 89 imeweka idadi ya maeneobunge kuwa 290, kila kiti kitakachoongezwa mahali pamoja kitang'olewa pengine.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Ukigawanya kwa 290 unapata takriban watu 164,000 kwa kila eneobunge. Katiba inaruhusu idadi hiyo kuzidi au kupungua kwa asilimia 40 katika miji mikuu na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko, maana yake ni kwamba eneobunge la wafugaji au la visiwani halipaswi kuwa na watu chini ya 98,000 hivi. Sasa tutazame Lamu. Kaunti nzima ilikuwa na watu 143,920 na ina wabunge wawili. Hata tukiwagawanya watu hao nusu kwa nusu, kila upande unapata 72,000 tu, na Lamu Mashariki ya sasa ina watu 22,000 na ushei. Kwa hesabu hiyo Lamu inabakiwa na mbunge mmoja, kuanzia Witu hadi Kiunga iliyo karibu na mpaka wa Somalia.

Mkazi wa Nairobi atasema hiyo ndiyo haki, na sitambeza kwa sababu ana hoja. Jiji hilo lilikuwa na watu 4,397,073 na lina viti 17, yaani zaidi ya watu 258,000 kwa kila mbunge, idadi inayopita hata ule upeo wa asilimia 40. Ili Katiba itiiwe, Nairobi inahitaji viti visivyopungua 20. Lakini kaunti hiyo yote ni kilomita mraba 696 hivi, na mbunge wake anaweza kuzunguka eneo lake asubuhi na bado akawahi kikao cha alasiri bungeni. Marsabit ina takriban kilomita mraba 70,000 na wabunge wanne.

Mzazi wa Kiunga anayefuatilia fomu ya basari ya mwanawe katika ofisi ya eneobunge iliyoko Faza, kisiwani Pate, hutegemea boti. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, nahodha anaweza kukataa kung'oa nanga, na barabara ya bara si ya kutegemewa kwa sababu za usalama. Ofisi hiyo ikihamishiwa Mokowe au Amu, mzazi huyo ataongezewa safari nyingine juu ya ile iliyokuwa ikimshinda. Ni kweli kwamba Ibara ya 89 inataja njia za mawasiliano, sura ya nchi na mahusiano ya kijamii, ila mambo hayo yote yanaruhusiwa kuivuta hesabu ndani ya ile asilimia 40 tu, hata kama umbali wenyewe hauna kifani. Kwa maoni yangu, kasoro iko hapo.

Mfano wa Marsabit ni tofauti kidogo. Kwa wastani mtupu, watu wake 459,785 wanastahili viti visivyofika vitatu. Kwa kutumia nafasi yote ya asilimia 40, kaunti hiyo inabaki na vinne bila kuvunja sheria. Uamuzi huo umo mikononi mwa makamishna, na ingefaa watueleze mapema, kabla ya kuchora ramani, watautumia kwa vigezo gani.

Wapo wanaopendekeza viti viongezwe. Mpango wa kurekebisha Katiba uliojulikana kama BBI ulitaka vipya 70, ukaangukia Mahakama ya Juu mwaka 2022, nami sikuulilia: vingi vilikusudiwa kaunti zenye watu wengi, na mlipa kodi angebeba mzigo wa mishahara bila Lamu kupata nafuu yoyote. Ninaloomba ni dogo zaidi. Bunge lirekebishe Ibara ya 89 ili maeneo yenye watu wachache mno yaruhusiwe kushuka chini ya kiwango cha sasa, na tukubali kwamba viti vya kuongezea miji vitatoka kwenye maeneo ya mashambani yaliyo madogo, yenye lami na matatu kila saa. Huko pia kutakuwa na kilio, najua.

Tume nayo, itakapotoka kukusanya maoni, isikae siku moja katika hoteli ya makao makuu ya kaunti na kusema imewasikiliza wananchi. Ifike Faza, Kiunga na North Horr kule Marsabit, na iende na ramani kubwa inayoweza kutandazwa chini ili wenyeji waonyeshe kwa kidole visima vilipo na njia za mifugo zinapopita. Na wanasiasa watakaoandamana nayo waache kunadi idadi ya wapigakura, kwa kuwa Katiba inahesabu wakazi, pamoja na watoto ambao hawajafika umri wa kupiga kura.

Msomaji wako