Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Homa ya papasi bado inatupata

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu papasi, aina ya kupe anayetuambukiza homa anapotuuma. Tuliokulia kwenye nyumba za tembe huku Dodoma tunamjua: mchana anashinda kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu, usiku anatoka, anamnyonya mtu hadi nusu saa bila aliyelala kushtuka, kisha anarudi alikotoka. Anaweza kukaa miaka bila kula.

Mwaka jana shangazi yangu alishikwa na homa. Zahanati wakamtoboa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha hana malaria, akapewa panadol. Siku ya nne akawa mzima, akaenda shamba. Baada ya wiki homa ikarudi. Kidole tena, jibu lile lile. Mara ya tatu aliamka uji ukimchuruzika pembeni mwa mdomo, jicho la kushoto halifumbi, shingo imekakamaa, na mimi ananiita kwa jina la marehemu babu. Majirani walisema kapigwa na pepo. Siwalaumu, maana hata waliosomea walikuwa hawajatupa jina lingine.

Hospitali ya mbali tuliyomkimbizia, mtu wa maabara aliweka tone la damu yake kwenye hadubini, akaniita nichungulie. Niliona vinyuzi vyembamba vilivyojisokota katikati ya chembe nyekundu. "Homa ya papasi hiyo," akasema, "na imeshafika kwenye ubongo."

Mheshimiwa, ugonjwa huu si mgeni. Robert Koch aliuchunguza katika nchi yetu hii mwaka 1905, na mwaka huohuo daktari Mwingereza, Joseph Dutton, alikufa kwa homa hiyo Kongo akiwa anaitafiti. Kijidudu chake hubadili ganda lake kila mwili unapoanza kukitambua, ndiyo sababu homa inakwenda na kurudi. Kwa wajawazito ni balaa: utafiti wa Hospitali ya Mvumi, hapa Dodoma, uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta zaidi ya watoto 4 kati ya 10 wa akina mama waliougua walikufa.

Shangazi alitibiwa kwa dawa iliyopitishwa kwenye mshipa wa damu. Baada ya dozi ya kwanza alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, nesi akatueleza kuwa vijidudu vikifa kwa wingi ndivyo inavyokuwa. Uso ulirudi polepole. Mpaka leo, akianza kula tu, jicho la kushoto linatiririka machozi.

Sivipingi vipimo vya haraka. Vimetusaidia sana. Lakini vinatafuta malaria peke yake, na zamani, damu iliposomwa kwa hadubini, kijidudu cha papasi kilionekana hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akikitafuta. Naomba mwongozo mmoja kwa maeneo yenye papasi: mwenye homa inayokwenda na kurudi, kipimo kikisema hana malaria, damu yake isomwe kwa hadubini siku hiyohiyo, homa ikiwa bado juu. Na zahanati isiyo na hadubini itume sampuli, isimtume mgonjwa nyumbani.

Shangazi bado analala kwenye tembe ileile. Chumba cha pili analala mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi saba. Akishikwa na homa kesho, ataanzia zahanati ileile.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi kutoka Dodoma