Hizi namba za kalori mnazotuchapia zinawapotosha watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie vile vijedwali vyenu vya ukurasa wa afya, kukimbia saa moja unachoma kalori kadhaa, kuruka kamba nusu saa kalori kadhaa, hadi kudeki nyumba mmeweka. Mimi ni mwalimu wa mazoezi huku Temeke na wikiendi nakimbia na jogging klabu ya mtaani kwetu, na nawaambia kwa roho safi kabisa hizo namba zinawapotosha watu, maana wanazipiga picha wanazitupia kwenye magrupu ya WhatsApp na mtu akishaamini amechoma 900 anaona ana haki ya kuzila zote.

Njooni Jumapili asubuhi jogging ikishaisha muone. Watu wanatoka barabarani jasho linatiririka wanaenda moja kwa moja kwenye supu, chapati mbili tatu, soda ya baridi, na kila mtu anacheki saa yake ya mazoezi ya mkononi, "aisee leo nimechoma 900, niongezee chapati". Supu yenyewe sina ugomvi nayo, ndo inayotuweka pamoja na kuna vijana wasingekuja bila hiyo. Ugomvi wangu ni hiyo 900, imetoka wapi?

Saa haioni kalori. Inamulika taa ya kijani kwenye ngozi ipate mapigo ya moyo, inasoma mkono unavyocheza, halafu inachukua umri, urefu na uzito ulioujaza siku umeinunua na kukisia, sasa kama ulijaza kilo 70 na leo una 84 yenyewe inaendelea kumhesabia yule wa 70. Ukitaka kujua kweli inabidi uvalishwe barakoa maabara wapime oksijeni unayotumia, lita moja ya oksijeni ni kama kalori 5, na kifaa hicho hakuna anayetembea nacho mkononi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walichukua saa za aina 7, zikiwemo Apple Watch na Fitbit, wakawavalisha watu 60 huku wakiwapima na kipimo cha oksijeni. Kwenye mapigo ya moyo saa 6 kati ya 7 zilifanya vizuri, zilikosea chini ya asilimia 5. Kwenye kalori hata iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho ilikosea asilimia 93! Na makosa yaliongezeka kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa wenye uzito mkubwa, na mtu akiwa anatembea badala ya kuendesha baiskeli. Sasa Mhariri hebu fikiria klabu zetu zina watu wa aina gani na wanafanya zoezi gani.

Hata hivyo vijedwali vyenu msingi wake una tatizo. Vinatoka kwenye hesabu inayosema mtu aliyepumzika anatumia kalori 1 kwa kila kilo kwa saa, halafu kila zoezi linazidishwa hapo, kutembea mara tatu na kitu, kukimbia mara nane au tisa. Mwaka 2005 mtafiti Nuala Byrne na wenzake walipima watu 769 wakakuta hiyo kalori 1 ya kupumzika ni kubwa kuliko ukweli kwa wastani wa asilimia 20, yani bado hujaanza hata kukimbia. Halafu namba mnayoandika imejumlisha na zile ambazo mwili ungetumia hata ukikaa sebuleni unaangalia mpira, mtu wa kilo 70 hizo tu ni kama 70 kwa saa, kwahiyo ukiandikiwa 280 kwa kutembea saa zima, nyongeza iliyoletwa na kutembea ni kama 210, nusu lita ya soda inazimaliza zote. Kwenye mashine za kukimbilia za jimu ndo balaa, watu hawaingizi uzito wao, wanashikilia vile vyuma vya pembeni mwili unabebwa, na kioo kinaendelea kupandisha namba vilevile.

Na kuna jambo ambalo nashangaa magazeti ya hapa nchini hayaliandiki wakati limetokea kwetu. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, wanaume wanatembea kama kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6, wanachimba mizizi, wanawinda. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwanywesha maji maalumu ambayo ukifuatilia mkojo unajua mwili umetumia nguvu kiasi gani kwa siku nzima, majibu yakatoka 2012, ukizingatia ukubwa wa mwili Wahadzabe wanatumia kalori karibu sawa na Wamarekani na Wazungu wa mjini wanaoshinda kwenye viti. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea kazi nyingi unabana matumizi sehemu nyingine, kwahiyo huwezi kuchukua kalori za jogging ukazipachika juu ya za siku nzima kama vile mwili hauna hesabu zake wenyewe.

Na namba hizi zinaumiza hata upande wa pili. Kuna mama kwenye klabu yetu ana presha, alikuja akitembea taratibu kila asubuhi, mjukuu akamnunulia saa, ikawa inamwandikia 110, 120, akakata tamaa akaona anapoteza muda wake bora alale. Wakati presha yake ilikuwa imeanza kushuka na ngazi za nyumbani kwake alikuwa anapanda bila kusimama! Ilibidi twende kumfuata.

Ombi langu Mhariri, kwenye huo ukurasa andikeni dakika. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kiasi chenyewe hakihitaji saa, unaweza kuongea na mwenzako lakini kuimba huwezi. Waambieni watu wapime presha, wapime kiuno kwa futikamba ile ya fundi cherehani, waangalie kilima kilichokuwa kinawatoa pumzi mwezi jana sasa hivi wanakipandaje. Na kama jedwali la kalori lazima libaki, basi liandikwe kwa herufi zinazosomeka kwamba ni makadirio, litaje ni kwa mtu wa kilo ngapi, na msiliweke tena pembeni ya kalori za chapati maana hapo ndipo watu wanapoanza kutoa na kujumlisha.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa mazoezi, Temeke, Dar es Salaam