Kuhusu milingoti ya mpakani

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata. Unasema maharage yanadumaa kila msimu kando ya milingoti ya jirani, yaani mikaratusi, na watu wanakwambia mti unatoa sumu. Ni kweli unatoa. Lakini sumu ni sehemu tu ya tatizo, na ukihangaika nayo peke yake utapoteza nguvu bure.

Sumu hiyo iko zaidi kwenye majani. Mafuta yenye harufu kali, hasa sineoli, huruka hewani na kunaswa na udongo mkavu. Asidi za fenoli na tanini, kemikali nyingine za mti huo, huchujwa na mvua kutoka kwenye majani yaliyoanguka. Kinachoumia sana ni mbegu inayoota: ng'oa mche mchanga uuoshe, utakuta mzizi wa kwanza ni mfupi na ncha yake imegeuka kahawia. Kiangazi chote majani yanarundikana bila kuoza, kisha mvua ya kwanza inashusha dozi nzito kwa mpigo, na wewe ndipo unapanda! Ukungu wa hewani nao haujaachwa nyuma, na Njombe mnao wa kutosha. Mwaka 1969 watafiti Roger del Moral na Cornelius Muller walionyesha huko California kwamba matone ya ukungu yanayodondoka kutoka kwenye mlingoti wa aina ya globulus hubeba kemikali zinazozuia nyasi kukua.

Udongo wa kichanga huathirika zaidi. Udongo wa mfinyanzi na mboji huzinasa fenoli, na bakteria huzivunjavunja.

Sasa ongeza mengine. Mizizi ya juujuu inatambaa mita nyingi kuingia kwako na kunywa maji. Kivuli kipo. Majani yanapoanza kuoza, vijidudu vinatumia nitrojeni, chakula cha mimea, ambayo maharage yangeipata. Tena udongo wa chini ya milingoti ukikauka sana hukataa maji: weka tone juu yake, likikaa zaidi ya sekunde 5 bila kuzama, ujue mvua nyepesi inapita juu tu.

Kwa hiyo pima kwanza. Chukua makopo 12 ya lita mbili, yatoboe chini. Sita jaza udongo wa mita 2 kutoka kwenye miti, sita wa mita 30, wote wa kina cha sentimita 15. Panda mahindi, maana maharage hupata sehemu ya nitrojeni yake kwa bakteria wa mizizini na yatakuchanganya. Weka yote juani, mwagilia sawasawa. Mche ukifikisha majani matatu, weka robo kijiko cha chai cha CAN, mbolea ya nitrojeni, kwenye makopo matatu ya kila kundi, mbali kidogo na shina. Baada ya wiki tano linganisha. Ya mitini yakilingana na ya mbali, adui yako shambani ni ukame na kivuli. Yale ya mitini yakishamiri kwa CAN tu, ni njaa ya nitrojeni. Yakidumaa hata kwa maji na mbolea, hapo ishuku sumu. Wengi huloweka majani na kumwagilia mbegu maji yake. Siyategemei sana majibu hayo, kwa sababu maji yale huwa makali kuliko yanayofika shambani.

Ikiwa ni ukame unaoletwa na mizizi, ongea na jirani, kisha chimba mtaro upande wako, kina sentimita 60 hadi mita 1, upana wa sentimita 40, angalau mita 3 kutoka kwenye mashina ili miti isije ikaangushwa na upepo. Kata kila mzizi unaokutana nao. Mizizi hurudi, kwa hiyo ufukue upya kila baada ya msimu mmoja au miwili; wanaoacha hatua hii ndio wanaosema mtaro hausaidii.

Ikiwa ni sumu, kusanya majani yote kwa reki kabla mvua haijaanza, acha mvua kubwa mbili tatu zipite, weka samadi iliyooza vizuri, ndipo upande. Ukanda huo upe mahindi kwanza, maharage uyasogeze mbali. Majani uliyokusanya usiyatandaze shambani yakiwa mabichi wala makavu. Yachanganye na samadi na nyasi, yawe si zaidi ya robo ya lundo, uligeuze kila wiki mbili na kulilowesha kwa miezi sita. Yakiwa bado yananukia, hayajawa tayari.

Niandikie makopo yakionyesha majibu, na unieleze udongo wako ni wa aina gani.

Rafiki yako,
Neema