Harmonika ifundishwe, isigawiwe tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie ufundishaji wa harmonika, yaani kinanda cha mdomo, kwa watoto na watu wazima katika jamii. Kwa kuwa ala hii hutosha mfukoni na kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko gitaa au kinanda kikubwa, wafadhili na vikundi vya kujitolea hushawishika kuinunua kwa wingi na kuigawa, wakiamini kwamba mtoto akishaipata atajifunza mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa ala hii, na nionavyo, mpango wa namna hiyo huleta makelele ya siku chache, kisha harmonika husahaulika kabatini na wenyewe wakaondoka wakidhani hawana kipaji.

Kinachowapotosha wafadhili ni urahisi wa hatua ya kwanza. Harmonika ya kawaida ina matundu 10 na vilimi 20 vya shaba, yaani vipande vyembamba vinavyotikisika na kutoa sauti, kimoja cha kupuliza na kimoja cha kuvuta katika kila tundu. Katika mpangilio unaojulikana kama wa Richter, kila unapopuliza hupati ila do, mi au so za solfa (ngazi ya sauti do, re, mi, fa, so, la, ti), na ukipuliza matundu kadhaa kwa pamoja sauti hizo hupatana zenyewe. Hivyo mtu ambaye hajawahi kushika ala yoyote huipuliza na kusikia jambo la kupendeza, akadhani kazi imekwisha. Hajui kwamba ili upatanifu huo uwepo, baadhi ya sauti zililazimika kuachwa: katika matundu matatu ya chini hakuna fa wala la, na kule juu kabisa ti imekosekana. Mwanafunzi asiyeambiwa haya huanza wimbo wake kwenye tundu la kwanza, akaikosa sauti anayoitafuta, akajilaumu.

Mwalimu humwanzisha kwenye tundu la nne, ambako solfa imekamilika. Hupuliza do na kuvuta re katika tundu la nne, hupuliza mi na kuvuta fa katika la tano, hupuliza so na kuvuta la katika tundu la sita. Hadi hapo utaratibu ni ule ule, puliza kisha vuta, na mwili huuzoea upesi. Kwenye tundu la saba utaratibu hugeuka ghafla: ti huvutwa kwanza, ndipo do ya juu ipulizwe. Wanafunzi wengi, wakubwa kwa wadogo, hukwama hapo, na neno moja la mwalimu kwa wakati wake huwaokoa na mkanganyiko ambao mtu aliye peke yake anaweza kukaa nao muda mrefu.

Ugumu mwingine ni kwamba kazi yenyewe imefichika kinywani. Mwalimu wa gitaa huona kidole kilichokosea, akakisogeza. Mimi sioni ulimi wa mwanafunzi, na yeye mwenyewe hauoni. Kupata sauti moja safi bila kugusa tundu la jirani kwahitaji midomo ikunjwe vizuri, au ulimi uzibe matundu yasiyotakiwa, na makosa hutambuliwa kwa sikio peke yake. Hali kadhalika sauti za kupinda, yaani zinazoshushwa kidogo kutoka mahali pake, ambazo vijana huzitamani mno kwa sababu ya wapigaji wa bluzi, hupatikana kwa kubadili umbo la ndani ya kinywa wakati wa kuvuta, wala si kwa kutumia nguvu. Wanaolazimisha huharibu vilimi, nami huona heri somo hilo lingoje mpaka pumzi itulie.

Kuhusu umri, sikubaliani na wanaotaka watoto wafundishwe peke yao. Watoto hupuliza kwa nguvu kupita kiasi, lakini hawaogopi kukosea. Watu wazima wana pumzi tulivu na tayari wanazijua nyimbo nyingi, ila huona haya kusikika wakikosea. Wakikaa darasa moja, mzee hulegea anapomwona mjukuu akikosea na kuendelea, na mtoto hujifunza kupunguza nguvu kwa kumsikiliza mtu mzima aliye kando yake. Wapo pia watu wazima wanaokuja kwa ajili ya mapafu yao, kwa kuwa baadhi ya hospitali huitumia harmonika katika mazoezi ya wagonjwa wa kifua cha muda mrefu. Ni jambo jema, mradi daktari wao afahamu, na walimu wenzangu wasiitangaze kama tiba.

Wanaotaka kununua nawaomba wahakikishe kwamba harmonika zote ni za ufunguo mmoja, yaani do yao ni sauti ile ile, hasa C, kwani darasa lenye funguo mchanganyiko haliwezi kupiga wimbo mmoja kwa pamoja. Kila mwanafunzi awe na yake, asiiazime wala kuiazimisha, kwa sababu mate huingia ndani. Asipige mara baada ya kunywa soda au kula peremende, maana sukari hugandisha vilimi. Harmonika yenye kitufe cha pembeni, ambayo hutoa nusu sauti zote, waiache kwa sasa.

Wapo watakaosema kwamba ninakuza mambo, kwa kuwa hiki ni kitu cha kuchezea watoto. Ralph Vaughan Williams, mtunzi mashuhuri wa Uingereza, alimtungia mpigaji wa harmonika Larry Adler kazi ya harmonika pamoja na okestra, na Toots Thielemans wa Ubelgiji alipata heshima katika jazi ya dunia nzima kwa ala hii hii. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, Albert Hoxie aliunda bendi ya harmonika ya wavulana mjini Philadelphia. Hakuwapa ala akaenda zake, bali aliwakusanya na kuwaongoza.

Kwa hiyo mfadhili mwenye fedha za kununulia harmonika mia moja na anunue hamsini, kisha kinachobaki kimlipe mtu wa kukaa na wanafunzi kila wiki. Mtu huyo si lazima awe bingwa. Mpigaji yeyote anayeweza kupanda solfa kutoka tundu la nne hadi la saba na kushuka bila kukwama, na mwenye subira ya kusikiliza, anaweza kuanzisha darasa, nami nawaomba wasomaji wa gazeti lako wenye ujuzi huo wajitokeze kwenye vikundi vilivyo karibu nao.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa harmonika