Wapiga picha za ndege Mabira, zimeni spika

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Naandika kutoka Najjembe, wilaya ya Buikwe, pale ambapo madereva wa malori yanayotoka Mombasa husimama kununua kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, kabla ya kuendelea na safari ya Kampala. Gazeti lako hunifikia kwa mikono yao, mara nyingine likiwa la juzi, nami nalisoma lote. Najua pia kwamba madereva wa watalii kutoka Nairobi na Arusha wanalisoma, na vijana wanaotembeza wageni msituni wanalisoma. Hao ndio nataka kusema nao leo, kuhusu spika zinazopiga sauti ya ndege ili kumwita apigwe picha.

Mimi ni askari mstaafu. Kiswahili nimekitumia kambini miaka ishirini na miwili, na sasa nakitumia hapa barabarani kutwa nzima kwenye kibanda cha mke wangu. Nilipostaafu nilinunua kamera ya mtumba Kampala, pamoja na lenzi ya milimita 400 yenye mkwaruzo ubavuni, na tangu siku ile asubuhi zangu nyingi zimeishia ndani ya msitu wa Mabira.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano niliingia msituni saa kumi na mbili na nusu, majani bado yanadondosha maji ya mvua ya usiku. Nilikuwa naelekea kwenye mti mmoja mkubwa, wa aina ile ambayo mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta, hata ukiingia katikati unajikuta uko chumbani. Katika chumba kimoja cha mti huo alikuwa ametaga kwale wa Nahan. Nilikuwa nimemgundua siku kumi na moja nyuma, na kila nilipokwenda nilikaa mbali, nikimtazama kwa darubini. Jike alikuwa analalia mayai manne. Hata darubini ilihitaji muda kumtenganisha na majani makavu.

Kabla sijafika nikasikia mluzi. Kwale huyu mluzi wake unaanza polepole, unapanda, unaharakisha, kisha mwenzake anaupokea hadi huwezi kujua nani alianza. Lakini mluzi wa asubuhi ile ulikuwa unakatika mahali pale pale na kuanza upya mahali pale pale. Ndege haimbi hivyo.

Nilikuta wageni wanne, kila mmoja na kamera juu ya stendi, na kijana anayewaongoza amening'iniza spika ndogo, kubwa kama mche wa sabuni uliokatwa nusu, kwenye kijiti hatua nane kutoka kwenye kiota. Dume alikuwa ametoka mafichoni. Manyoya yamemsimama, anakimbilia spika, anasimama, anajibu, anazunguka, anaikimbilia tena. Ile ngozi nyekundu inayozunguka jicho lake niliiona bila darubini. Kamera zinalia kama cherehani. Mara ya tatu au ya nne sauti ilipopigwa, jike naye akainuka, akapita kati ya mizizi miwili, akaacha mayai wazi. Nilitazama saa yangu. Spika ilizimwa baada ya dakika arobaini.

Nilikuwa nimemsogelea yule kijana mapema, nikamwambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, zima hiyo spika. Ana mayai hapo." Alinijibu kwa heshima, sitamsingizia. Alisema, "Afande, najua. Lakini wageni wamelipa, na kesho asubuhi wanakwenda Kibale. Wakimkosa huyu, lawama ni yangu."

Nilirudi kesho yake. Jike hakuwapo. Mayai hayakuwapo. Palikuwa na kipande kimoja cha ganda, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, na majani ya kiota yametawanywa. Yai lililoachwa wazi chini ya mti Mabira halikai muda mrefu, maana huko kuna nyani, kuna kenge, kuna nyoka, na kila mmoja ana njaa yake.

Kampuni iliyowaleta wageni wale sitaitaja, kwa sababu si yake peke yake. Nimesikia spika hizo mara nyingi mno. Siku hizi simu ya mkononi inabeba sauti za ndege wa dunia nzima, na anayeongoza wageni anaona kwamba kumwita ndege ni sehemu ya ujuzi wake. Kwa hiyo acha nieleze kinachotokea, maana naamini wengi wanafanya bila kulifikiria.

Ndege haji kwenye spika kwa sababu amefurahi. Anakuja kwa sababu amesikia adui. Kwale dume ana eneo lake, ana mke, ana mahali pa kuchakura chakula, na sauti ile inamwambia kwamba dume mwingine ameingia nyumbani kwake. Anaacha kila kitu aje apigane. Hamwoni mtu wa kupigana naye, na sauti haiondoki. Fikiria mtu anakupigia mlango usiku kucha, ukitoka hakuna mtu, ukirudi ndani anapiga tena. Hata mtu mnyonge ataweza usiku mmoja. Lakini wale wa kundi la Jumatatu wakiondoka, linakuja la Jumatano, nalo linapelekwa kwenye mti ule ule, kwa kuwa mahali palishaandikwa kwenye simu ya kijana na kutumwa kwa wenzake.

Na huyu si ndege wa kuchezewa. Kwale wa Nahan duniani yuko Kongo na hapa Uganda tu. Hapa kwetu anaishi katika misitu ya Mabira, Budongo na Bugoma. Bugoma sehemu yake imefyekwa ikapandwa miwa. Mabira ina takriban kilomita za mraba 300 na imekuwa msitu wa hifadhi tangu 1932, lakini wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 2007, ulipokuja mpango wa kukata hekta 7,100, karibu robo ya msitu, zilimwe miwa. Watu waliandamana Kampala mwezi wa nne, na wengine walikufa. Mpango ukasimamishwa. Kila ninapopita chini ya miti hii nakumbuka kwamba kuna waliouawa ili iendelee kusimama, na inaniuma kuona kiota kinavunjika ndani yake kwa ajili ya picha.

Nasema hivi nikiwa na kosa langu, na ni lazima nilieleze. Mwaka wangu wa kwanza na kamera nilipata kiota cha yule ndege mwekundu wa tumboni mwenye kichwa cheusi, ambaye dume lake lina mkia mrefu kama utepe. Kiota chake ni kikombe kidogo, hakizidi kiganja cha mtoto, kimefumwa kwa nyuzi nyembamba na kufungwa kwa utando wa buibui, na nje amekibandika vipande vya ukungu wa miti hadi kinafanana na tawi lenyewe. Kulikuwa na makinda mawili. Jani moja pana lilikuwa linafunika nusu ya kiota, na vijiti vitatu vilikuwa mbele ya lenzi. Nilitoa kisu nikakata vyote. Nikapata picha safi, mama anawalisha, midomo ya makinda imefunguka kama maua. Nilikwenda nyumbani ninaimba.

Siku iliyofuata jua la saa sita lilikuwa linaingia moja kwa moja mahali nilipolikata lile jani. Kinda mmoja alikuwa amekufa kiotani, shingo imening'inia nje. Wa pili hakuwapo. Picha ninayo mpaka leo. Watoto wangu waliwahi kuomba niitundike sebuleni nikakataa, na sasa wanajua sababu.

Tangu hapo nikajifunza njia nyingine, na hii ndiyo nataka kuwapa vijana wanaoongoza wageni, maana wanafikiri bila spika hakuna picha. Jeshini tulikuwa tunaiita kukaa lindo. Unafika kabla ya kupambazuka, unachagua mahali si karibu na kiota bali kwenye njia ndege anapopita kutafuta chakula, unaegemeza mgongo kwenye mti, unakaa chini kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwale huyu maisha yake yote yako mvunguni. Nguo ziwe za rangi ya majani makavu. Manukato acha nyumbani. Dakika ishirini za kwanza msitu unakujua kwamba upo na unanyamaza. Ukivumilia hizo, unaanza kusahauliwa. Kigogota anaanza kugonga juu yako. Hondohondo wanapita, na mabawa yao yanapiga hewa kwa kishindo kama mkeka unaokung'utwa. Kisha majani yanachakurika upande usioutarajia, na unatamani kugeuka, lakini hugeuki.

Picha yangu nzuri ya kwale wa Nahan niliipata asubuhi ya tatu ya lindo la namna hiyo. Walikuwa watatu, wanachakura kwa zamu, miguu myekundu inatupa majani nyuma. Giza la Mabira saa moja asubuhi si mchezo. Niliweka ISO 3200 ili kamera ione gizani, picha ichukuliwe kwa sekunde 1/60, lenzi nimeilaza juu ya begi, na flashi siitumii kamwe. Picha ina chengachenga, lakini ndege yule ametulia, anakula, hana habari nami. Ukiiweka kando ya picha ya ndege aliyeitwa na spika, hata mtoto anaona tofauti. Yule wa spika amesimamisha manyoya, mdomo wazi, jicho limetoka. Watu wanaisifu hiyo kwamba ina uhai. Mimi naona ndege aliyeshikwa na hofu.

Niongeze habari ya hondohondo, kwa sababu nao wanasumbuliwa sana na hawaelezwi. Jike la hondohondo huingia katika tundu la mti, mlango ukazibwa, ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Humo anataga na kulea, miezi inapita, na kila tunda la mtini analokula linaletwa na dume. Dume ni mwoga karibu na kiota. Akiona watu wamesimama chini ya mti anakaa mbali, koo limejaa matunda, anasubiri waondoke. Kundi likikaa muda wa saa tatu chini ya mti ule likipiga picha na kuzungumza, ndani mama na makinda wamekaa saa tatu na njaa. Wapigaji picha hawakumgusa yeyote, wataapa hivyo na watakuwa wanasema kweli.

Wageni wetu haya wanayajua, na ndipo ninapokasirika zaidi. Uingereza tangu 1981 sheria inakataza kwa makusudi kusumbua ndege adimu walioorodheshwa wakiwa kwenye kiota, na mpiga picha anahitaji kibali kabla ya kuwakaribia. Marekani, katika hifadhi zao za taifa, kusumbua kwa makusudi ndege wanaotaga ni kosa. Mtu huyo huyo asiyethubutu kutoa spika kwao anakuja Uganda, nchi yenye aina zaidi ya 1,000 za ndege, anataka amalize orodha yake kwa siku kumi, na sisi tunamshikia spika.

Sisemi vijana wetu wakose riziki. Ninawajua wengi, nimekula nao, na baadhi yao masikio yao yanazidi yangu. Wageni wa ndege wameleta fedha Najjembe, hata kibandani kwetu. Ninachoomba ni vitu vichache vya wazi. Vyama vya waongoza watalii na mamlaka ya misitu wakubaliane kwamba spika isipigwe kabisa karibu na kiota, na isipigwe hata mara moja kwa ndege ambao wamebaki wachache kama kwale huyu. Mahali pa kiota pasitumwe kwenye makundi ya simu. Bango liwekwe pale mlangoni wageni wanapolipia, kwa Kiswahili, Kiluganda na Kiingereza, ili kijana akiombwa na mgeni aonyeshe bango badala ya kubeba lawama peke yake. Hili la mwisho naliona kubwa kuliko yote. Yule kijana aliyenijibu siku ile alikuwa anajua. Alikosa tu kitu cha kumkinga.

Ninyi madereva mnaowaleta kutoka mbali, waambieni wageni wenu njiani, bado wakiwa na subira, kwamba asubuhi moja haitoshi Mabira. Wapangieni mbili au tatu.

Jozi ile ya kwale nimeisikia tena, juma lililopita, upande mwingine wa kijito. Mahali penyewe sipataji. Lakini mwongoza watalii yeyote anayetaka kujifunza kukaa lindo anakaribishwa, bila malipo. Mimi hutoka kibandani kwetu kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla gonja hazijawekwa motoni. Aje na maji ya kunywa, na simu aizime kabisa kabla hatujaingia.

Afande mstaafu,
Najjembe, Buikwe, Uganda