Mwambie Baba Mdogo asome mfuko wake wa mbegu

Dada, shikamoo.

Ujumbe wako nimeupata. Wa Baba Mdogo pia, maana kauweka kwenye grupu la ukoo ili kila mtu asikie. Ati wenzangu wako New York na Texas, mimi nimevuka bahari kuja kukaa Iowa kwenye mahindi, mahali ambapo hajawahi kutoka mtu wa maana. Na hapo hapo, bila hata kumeza mate, anataka milioni mbili za harusi ya mwanawe!

Mwambie hivi. Ule mfuko wa mbegu ya Pioneer anaoufungia kabatini kila msimu, kampuni yake ilianzia hapa hapa Iowa mwaka 1926. Mwanzilishi ni Henry Wallace, mtoto wa huku, aliyekuja kuwa makamu wa rais wakati wa Roosevelt. (Na mbegu yenyewe Baba Mdogo anaipanda upande wa mfereji, kwenye shamba la baba, bila kumuuliza Mama. Hilo tutaongea nikija.) Sasa unajua nani alimwonjesha Wallace elimu ya mimea akiwa mdogo? George Washington Carver, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani kule Missouri! Alikuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi kwenye chuo cha Ames, mji wa hapa hapa Iowa, kisha akabaki kufundisha, na Wallace, angali katoto, akawa anamfuata akienda kuchuma mimea porini. Nilifunga safari hadi Ames, nikapiga picha mbele ya jengo lenye jina lake. Nimekutumia. Isafishe, uitundike sebuleni, mkabala na kiti anachopenda Baba Mdogo.

Rais nao wametoa: Herbert Hoover, mtoto wa mhunzi wa West Branch, kazaliwa kwenye kijumba cha vyumba viwili, akawa yatima angali mdogo. Huyo usimtaje sana, uchumi ulimfia mikononi. Mtaje Norman Borlaug, mtoto wa mkulima wa karibu na Cresco. Alizalisha ngano fupi isiyolala chini ikibeba masuke mazito, India na Pakistani zikavuna kama hazijawahi kuvuna, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Ya Amani, dada, kwa kulima!

Mimi baridi imeshaanza, kazi ipo, namshukuru Mungu. Kinachonitesa ni makande. Mahindi yamejaa hadi macho yanachoka, lakini mengi ni ya manjano, ya nguruwe na ya kutengenezea mafuta ya magari. Ya makande nanunua ya kopo kwenye duka la Wameksiko, punje nene, laini, zinavurugika maharage yangali magumu. Jumapili nilipika, nikafungulia kwaya ya kwetu kwenye simu, chakula kikanishinda.

Nimekutumia laki tatu. Kliniki ya Mama kwanza. Mchango wa harusi utoe laki moja tu, na wakisoma majina wahakikishe wanataja Iowa. Viatu vya Neema bado sijanunua. Mchoree mguu kwenye karatasi, weka rula pembeni, unipigie picha.

Mdogo wako.