Chumvi ya Lotikipi isiwe kisingizio

Mhariri,

Wakati wa kampeni unapokaribia, sisi wa Turkana huahidiwa visima virefu. Sina ubaya na visima. Shida yangu ni kwamba wanaoahidi hawataji chumvi.

Septemba 2013 serikali na UNESCO walitutangazia hazina kubwa ya maji chini ya tambarare ya Lotikipi, huku kwetu kaskazini-magharibi. Tuliambiwa ni mita za ujazo bilioni 200 hivi, na kwamba maji yaliyogunduliwa Turkana yangeitosha Kenya nzima miaka 70. Vipimo vya baadaye vikaonyesha maji yale yana chumvi isiyonyweka. Basi, shangwe ikazimika na mazungumzo yakafa.

Mimi ni mama wa hoteli Lokichoggio na maji ya chumvi nayajulia jikoni. Maharagwe hutokota hadi makaa yakaisha na bado ni kokoto. Ndani ya birika hukaa ukoko mweupe, naukwangua kwa kisu. Mteja akionja chai, hutazama kikombe, kisha hunitazama mimi. Kwa hivyo maji ya kupikia nanunua kwa mtungi, ya kuoshea vyombo nachota kisimani. Mbuzi na ngamia huyanywa hayohayo bila neno. Ng'ombe ndiye mwenye maringo.

Hapo ndipo pa kuanzia. Si lazima tuchuje kila tone. Kisima kimoja kiwe na mifereji miwili: mmoja wa maji jinsi yalivyo, kwa mifugo na kufua, wa pili wa maji yaliyopita kwenye mtambo wa kuondoa chumvi, kwa kunywa na kupika. Chumvi ya maji ya visima kwa kawaida haifikii ya bahari, hivyo kuichuja kunakula umeme mdogo kuliko kuchuja maji ya bahari, na jua la kutoa umeme huo tunalo hadi la kugawa. El Paso kule Texas, nako ni jangwani, wana mtambo wa namna hiyo tangu 2007, wenye uwezo wa zaidi ya lita milioni 100 kwa siku.

Ila wenzetu wale walifikiria pia mabaki. Maji makali yanayosalia huenda kwa bomba kilomita 35 hivi, kisha husukumwa chini kabisa kwenye miamba. Mimi nimeona kituo kimoja huku kikiyamwaga nyuma ya ukuta. Udongo uligeuka mweupe, migunga ikakauka. Baadaye mtambo wenyewe ukanyamaza kwa sababu vichujio viliziba na hakuna aliyekuwa ametenga pesa za vipya.

Kabla ya kukata utepe, tubandikiwe pale kisimani kiasi cha chumvi na floridi (madini yanayoharibu meno yakizidi), nani atanunua vichujio, na mabaki yatapelekwa wapi. Bei ya mtungi pia iandikwe. Ikiwa ni ileile ya lori la maji, mimi nitaendelea kununua kwa lori.

Mama Hoteli,
Lokichoggio, Turkana